Kutua Moyo kwa Ubeti Mmoja: Namna ya Kutunga Shairi kama Zoezi la Utulivu wa Kila Siku

Mtu aliyebeba mzigo kichwani akiushusha, tunasema ameutua. Ndege akishuka kwenye tawi, ametua. Na jua likizama, nalo limetua. Katika ukoo wa kitenzi hicho tunayapata maneno tulia, utulivu, na pia kituo, ambalo ndilo jina la mshororo, yaani mstari, wa mwisho wa ubeti. Mshororo huo ukirudiwa katika kila ubeti huitwa kibwagizo, neno lililotokana na kubwaga, yaani kuangusha mzigo chini, na mtu anayejipumzisha na mashaka yake husemwa amebwaga moyo. Kwangu mimi istilahi hizi ni maelekezo ya kazi: zinaniambia kwamba ubeti ni safari fupi ya kubeba kitu na kukishusha mahali pake, na kwamba anayeutunga vizuri huwa amekishusha pia kifuani mwake.

Mwongozo huu ni kwa mtu wa kawaida mwenye kazi, watoto, madeni na foleni ya daladala, ambaye angependa kuwa na jambo moja la kisanaa la kumtuliza kila siku. Hauhitaji uwe malenga. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na katika miaka hiyo ya kuhesabu mizigo ya watu na ushuru wa serikali alikuwa pia akitunga mashairi. Simtaji ili tujilinganishe naye kwa ubora. Namtaja kwa sababu mpango wa maisha yake unafanana na wetu: ofisi mchana, kalamu katika saa chache zinazobaki.

Tafuta nusu saa isiyogombewa na mtu. Kwa wengi itakuwa alfajiri kabla nyumba haijaamka, au usiku baada ya vyombo kuoshwa. Uwe na daftari moja tu kwa kazi hii, na penseli badala ya kalamu ya wino, kwa kuwa utafuta mara nyingi na hupaswi kuona haya kufuta. Simu iache chumba kingine, kwa sababu hesabu ya mizani ikikatizwa na mlio mmoja tu huna budi kuianza upya. Kuhusu vifaa, sina la kuongeza.

Somo la kwanza ni kuhesabu, na hapa nakuomba usiharakishe. Shairi la mishororo minne, ambalo ndilo lililozoeleka zaidi, huwa na mizani kumi na sita katika kila mshororo, nane kabla ya mkato, yaani pumziko la katikati, na nane baada yake. Mizani moja ni silabi moja, na kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, njia rahisi ni kuhesabu irabu: taa ni mizani mbili, mwanzo ni mbili, ndoo ni mbili, haraka ni tatu. Jihadhari na m na n zinazosimama peke yake kama silabi kamili. Nchi ni mizani mbili, yaani n-chi. Mvua ni tatu, m-vu-a. Mkononi ni nne, m-ko-no-ni. Amka ni tatu, a-m-ka. Lakini katika jamvi, hiyo m imeungana na v, na neno zima lina mizani mbili tu. Ukiwa na shaka, tamka neno polepole huku ukigonga meza kwa kidole. Sikio la mtu aliyekulia katika lugha hii hukosea mara chache.

Kwa wiki nzima usitunge chochote. Chukua maneno uliyoyasikia siku hiyo, ya kondakta, ya muuza maandazi, ya mama mkwe, ukayahesabu kwa vidole. Utashangaa kuona ni mara ngapi watu husema mizani nane bila kujua. “Nipishe nipite kaka” ni nane. “Chumvi imezidi leo” ni nane. Zoezi hili linaonekana dogo, hata la kitoto, lakini ndilo lililonituliza mimi kuliko ushauri wote niliowahi kupewa kuhusu kuondoa fikra kichwani, kwa sababu akili inayohesabu silabi haina nafasi ya kurudia ugomvi wa jana. Wasiwasi huhitaji akili tupu ya kuzungukia, na vidole vinavyohesabu huifunga akili hiyo kwenye kazi. Zaidi ya hapo, mshororo wa mizani kumi na sita ukighanwa, yaani ukiimbwa, polepole huchukua pumzi moja ndefu au mbili za wastani, na mkato ulio katikati hukupa pahali pa kupumua. Utakuta umepumua kwa utaratibu robo saa nzima bila mtu kukuamuru.

Baada ya wiki hiyo, ongeza vina. Katika ubeti wa mishororo minne, silabi za mwisho za vipande vya kwanza, vile vya kabla ya mkato, zilandane, na silabi za mwisho za vipande vya pili zilandane vilevile. Kiswahili ni karimu sana hapa. Vitenzi vyetu vingi huishia kwa a, na kiambishi cha mahali -ni hukaa mwishoni mwa jina lolote la kitu, hivi kwamba mwanafunzi anayetumia kina cha -ni anaweza kutembea chumba kizima na kupata maneno: mezani, dirishani, sakafuni. Kitumie kina hicho mwanzoni bila kusita, ila baada ya mwezi jilazimishe kujaribu vigumu zaidi, kama vile -zi au -mbo, kwa sababu kina chepesi mno hukuacha usinzie.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, yaani kuueleza utulivu. Kosa la karibu kila mtu, na lilikuwa langu kwa muda mrefu, ni kuutaja. Mtunzi mpya huketi na kuandika:

Ninayo amani tele, moyoni nimetulia

Hesabu: nane na nane. Mizani imetimia, na mshororo umekufa. Msomaji hana cha kuona wala cha kusikia, na hata mtunzi mwenyewe akiusoma baada ya siku tatu hatakumbuka ulikuwa utulivu gani, wa saa ngapi, wala ulimjia akiwa wapi. Maneno amani, utulivu, furaha na upendo yana heshima zake katika khutuba na katika wimbo wa taifa, lakini ndani ya ubeti wa kila siku mimi huyakataza kabisa kwa miezi mitatu ya kwanza. Jiulize badala yake: nilipotulia, kitu gani kilikuwa mbele ya macho yangu? Kitu gani kilikuwa kinasikika? Mikono yangu ilikuwa imeshika nini?

Niliwahi kujiuliza hivyo asubuhi moja baada ya mvua ya masika, na majibu yalikuwa haya: matone ya mwisho yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bati hadi ndoo niliyoikinga, paka amelala, na mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ambacho nilikisahau kukinywa. Hapo hapana jambo kubwa hata moja. Ubeti uliotoka ni huu:

Mvua imekatika, tone lingali batini,
Moja moja ladondoka, laita mle ndooni,
Paka naye kajiweka, kajikunja mkekani,
Nami chai nimeshika, yapoa tu mkononi.

Nitaueleza ulivyojengwa, maana kazi yenyewe ndiyo yenye faida. Nilianza na kituo. Nilijua kwamba chai inayopoa ndiyo iliyobeba habari yote, kwa sababu mtu mwenye haraka huinywa chai ikiungua, na mwenye hofu huiacha mezani. Anayeishika tu mpaka ikapoa ni mtu ambaye hakuna kinachomvuta. Andiko la kwanza lilikuwa “chai yapoa mkononi”, lakini hiyo ni mizani tisa. Nikaihamisha chai kwenye kipande cha kwanza, na kile cha pili kikabaki “yapoa mkononi”, mizani saba. Ilipungua moja. Nilizunguka na pengo hilo la silabi moja kwa muda mrefu kuliko nilivyotumia kwa ubeti uliosalia wote, nikajaribu hiki na kile, hadi lilipokuja neno dogo “tu”. Lilijaza mizani, na likaleta jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: yapoa tu, basi, wala hapana la kufanya. Vikwazo vya mizani mara nyingi hukupa neno ambalo uhuru usingekupa, na kule kulingoja bila kukasirika ni sehemu ya zoezi.

Tazama pia jinsi lugha inavyokuruhusu kubana na kunyoosha. “Linaita” lina mizani nne, “laita” lina tatu. “Amejiweka” lina tano, “kajiweka” lina nne. Kufupisha namna hii watunzi hukuita inkisari, na kurefusha hukuita mazida. Ni ruhusa ya kale na ya halali, ila itumie pale tu ambapo neno lililofupishwa bado linasemeka kinywani. Ubeti uliojaa maneno yaliyokatwakatwa humchosha msomaji kama barabara yenye matuta.

Kwa hiyo, utaratibu wa nusu saa yako uwe hivi: dakika chache za kwanza orodhesha vitu vitatu au vinne ulivyoviona au kuvisikia siku hiyo, bila kupamba, chagua kimoja kilichokubakia akilini bila sababu inayoeleweka, kiandikie kituo kwanza, kisha panda juu ukitafuta mishororo mitatu ya kukifikia. Muda ukiisha kabla ya ubeti kukamilika, acha. Usikeshe. Ubeti uliosalia na mshororo mmoja hukaa na wewe kazini kesho yake kama punje ya iliki mdomoni, na mara nyingi mshororo unaokosekana huja ukiwa unaosha mikono au unangoja chenji.

Zipo siku ambazo mizani kumi na sita ni nyingi mno. Umechoka, au umeudhika kiasi kwamba huwezi kupanga vina viwili kwa pamoja. Siku hizo tumia umbo la utenzi, lenye mistari minne ya mizani nane, mitatu ya kwanza ikiwa na kina kimoja na wa nne ukiwa na chake. Ni umbo jepesi kulibeba, na tena linafaa sana kwa hasira. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hudhani kwamba zoezi la utulivu ni la siku tulivu, hivyo siku mbaya hulifunga daftari, wakati siku hizo ndizo zinazolihitaji zaidi. Usijifanye umetulia. Andika kilichotokea, kwa mpangilio wake, na uache mstari wa nne ukuonyeshe ulipofikia:

Leo nimekasirika,
Mlango ukasikika,
Mtoto akaamka,
Sasa mie namwimbia.

Mistari mitatu ya kwanza ni aibu tupu, na ni ya kweli. Wa nne haukutungwa ili kupendeza. Ndivyo ilivyokuwa, nilikuwa nimempakata nikimwongoa huku nikihesabu mizani kwa vidole mgongoni mwake. Kama siku yako haina mstari wa nne wa namna hiyo, basi andika ule ulionao, hata ukiwa mchungu. Ubeti wa uongo hautulizi.

Historia yetu ina ushahidi mzito zaidi wa jambo hili kuliko visa vyangu vya nyumbani. Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wake mashuhuri mwaka 1858 akiwa mgonjwa kwa muda mrefu, akamwita binti yake akae karibu na wino na karatasi ili amwachie wasia, na aliaga dunia muda si mrefu baadaye. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa maandishi yake ya kuikosoa serikali, akawekwa peke yake, na huko gerezani, mpaka alipotoka mwaka 1972, alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za msalani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na dirisha la bustani. Walichokuwa nacho ni mizani, ambayo mtu hawezi kunyang'anywa kwa kuwa hukaa katika sikio.

Hata hivyo, ni lazima niseme kwamba umbo peke yake halimtulizi mtu. Shairi lilelile la mizani kumi na sita limetumika kwa vijembe na kwa vita. Muyaka bin Haji, malenga mkubwa wa Mombasa aliyefariki mnamo 1840, alitunga beti kali za kuwatetea Wamazrui, ukoo uliokuwa ukiitawala Mombasa, na kuwakejeli wapinzani wao, na zilikuwa silaha za kweli. Ukigundua kwamba wiki nzima umekuwa ukitunga majibu kwa mtu aliyekukosea, na kwamba kila ubeti unakuacha umekaza taya, acha mada hiyo. Rudi kwenye ndoo, bati na paka. Kuna wakati wa kujibu, lakini nusu saa hii si yake.

Ubeti ukikamilika, ughani. Shairi la Kiswahili liliishi kinywani kabla ya kuishi kitabuni, na mtu asiyeghani hukosa nusu ya utulivu wake. Huhitaji sauti nzuri. Chukua lahani yoyote unayoikumbuka, ya kaswida, ya chuoni, ya radio ya utotoni, hata ya kubembelezea mtoto, ukaupitishe ubeti mara tatu kwa sauti ya chini. Mara ya kwanza utasikia palipo na mizani iliyozidi, kwa sababu ulimi utajikwaa. Mara ya pili sauti itashuka yenyewe kwenye kituo. Mara ya tatu ni kwa ajili yako tu.

Kisha inakuja kuwapa wengine, na hapa nashauri subira. Usiuweke ubeti kwenye kundi la simu usiku uleule ulioutunga. Ukiuweka, utakesha ukitazama nani amepongeza na nani amenyamaza, na kile ulichokishusha utakuwa umekibeba tena. Uache ulale siku saba. Ukiusoma tena na bado unakupa hali ileile, mpe mtu mmoja, kwa mkono au kwa sauti. Namna bora ninayoijua ni kumtungia mtu ubeti unaomhusu: dada aliyejifungua, jirani aliyefiwa, mzee anayepata nafuu hospitalini. Ubeti wa kumpa pole usimwambie avumilie, maana ameshaambiwa na kila mtu. Mwonyeshe kitu kimoja cha marehemu ulichokikumbuka, bakora yake mlangoni au namna alivyoita wajukuu, kisha nyamaza.

Shairi hufaa pia kuomba radhi. Watu waliogombana huona ugumu kuanza mazungumzo, kwa kuwa kila neno la kawaida linaweza kuzua ugomvi mpya. Ubeti hupunguza hatari hiyo: maneno ni machache, yamepimwa, na anayepokea anaona kwamba umekaa ukahangaika kwa ajili yake. Desturi ya kujibizana kwa mashairi ni ya zamani kwetu, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji kwa miaka mingi. Anayepokea anaweza kukujibu kwa vina vilevile, na hapo mnakuwa mmeshaanza kufanya kazi moja. Ukituma ubeti wa radhi, kosa litaje kwa jina lake katika mshororo wa kwanza. Usilifiche nyuma ya mafumbo, kwa sababu fumbo katika radhi hupokelewa kama kijembe.

Kila mwisho wa mwezi soma daftari lote kwa kikao kimoja. Utakuta beti kama ishirini na kitu, nyingi zikiwa za kawaida, na mbili au tatu zilizo hai. Zilizo hai zinakili upande wa nyuma wa daftari. Zilizosalia usizichane, kwani ndani yake mna mishororo mizuri iliyokosa wenzake, nayo huja kufaa. Angalia pia vitu vinavyojirudia. Mimi niligundua kwamba karibu kila ubeti wangu tulivu ulikuwa na maji ndani yake, ya ndoo, ya mfereji, ya bahari ya Tanga wakati wa maji kupwa, na tangu hapo siku nikiwa nimevurugika huenda kwanza kukaa karibu na maji kabla ya kufungua daftari. Wewe utakuta cha kwako, pengine sauti ya cherehani, pengine harufu ya udongo au ya kahawa.

Kwa leo anza na kuhesabu. Andika tarehe juu ya ukurasa, andika maneno matatu uliyoyasikia kwa watu tangu asubuhi, na mbele ya kila moja weka idadi ya mizani zake. Kesho utaongeza mengine chini yake.